Mnara wa Nne kwenye Orodha

Mnara wa Kemambo ulikuwa wa nne kwenye orodha ya minara ya simu ambayo kampuni yetu ilikusudia kuizima. Orodha hiyo ilinifikia kwa barua pepe asubuhi ya Jumatatu, nikiwa ofisini kwetu Tarime mjini, chumba kimoja chenye meza mbili na kabati lililojaa mabango ya promosheni zilizokwisha. Juu ya orodha kulikuwa na maelezo mafupi: niipitie, nithibitishe kwamba maeneo hayo hayana wateja wa kutosha, niweke sahihi, niirudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikuwa msimamizi wa mauzo wa eneo zima, kuanzia Sirari mpakani hadi Mugumu. Kazi hiyo niliianza nikiwa msajili wa laini, yule dada mwenye mwavuli na meza ya plastiki unayemkuta mnadani, nikapanda ngazi moja moja kwa miaka mingi. Kwa hiyo sahihi yangu ilikuwa na uzito wake. Bila sahihi ya mtu wa eneo, mnara hauzimwi.

Orodha ilikotoka kulikuwa mbali. Kampuni yetu ilikuwa imenunuliwa na kundi kubwa la ng'ambo lenye mitandao ya simu katika nchi nyingi, na wenye mali wapya walikuja na mkakati mmoja kwa nchi zote. Tuliitwa Mwanza kuusikiliza, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya mashine. Waliweka ramani ukutani, na nchi yetu ilikuwa imepakwa rangi mbili. Kijani ni mahali pa kuongeza nguvu, nyekundu ni mahali pa kujiondoa. Kwenye eneo langu, Sirari ilikuwa ya kijani kwa sababu ya biashara ya mpakani, Genkuru kwa sababu ya mgodi, Mugumu kwa sababu ya ofisi za halmashauri na wageni wanaopita kwenda mbugani. Vijiji vya katikati, karibu vyote, vilikuwa vyekundu.

Nilipiga makofi kama wenzangu, na kwa dhati. Mkakati ule haukuwa wa kijinga. Kule Sirari simu za wateja wetu zilikuwa zinahamia zenyewe kwenye mitandao ya Kenya, na watu walikuwa wananifokea sokoni kana kwamba mimi ndiye niliyechora mpaka. Nilikuwa nimelilia vifaa vya Sirari kwa muda mrefu. Sasa vilikuwa vinakuja. Sikujiuliza vitatolewa wapi.

Jumatatu ile nikajua vitatolewa wapi.

Kemambo nilikuwa naifahamu kuliko mahali pengine popote katika kazi yangu. Mnara ule ulipowashwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekwenda kusajili watu. Nilikaa siku nne chini ya turubai. Mashine ya alama za vidole ilikataa vidole vya nusu ya waliokuja, kwa sababu wale ni watu wa jembe na ile mistari midogo ya kwenye ngozi imeshasagika. Tulivisugua vidole kwa limau, tukavipaka mafuta, tukavifuta kwa kanga, tukajaribu gumba, tukajaribu kidole cha mwisho. Bibi mmoja alijaribu vyote kumi, na mashine ikakubali kile cha kumi. Watu wakashangilia kama timu imefunga goli.

Ndipo mwanamke mwenye duka la jirani, ambaye baadaye alikuwa wakala wetu, akaniuliza mbele ya wote:

"Na huu mtandao wenu utakaa? Au ni kama ile miradi inayokuja na bango, halafu inaondoka na bango?"

"Utakaa, mama," nikasema.

Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Nilisema kwa sababu watu walikuwa na furaha, jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nataka kuuza laini.

Basi Jumatatu ile nikampigia meneja wa kanda, Mwanza. Alikuwa mtu mpole, mwenye subira, aliyeniita dada ingawa alinizidi umri.

"Bosi, huu mnara wa Kemambo una watu. Niliwasajili mwenyewe."

"Dada, kusajili si kutumia. Fungua grafu uliyotumiwa. Ikifika mchana, mstari unalala chini kabisa. Hawapigi, hawaperuzi, hawatumi hata hela. Laini zenu ziko ndani ya masanduku."

"Nipe wiki moja niende nikaangalie."

"Uangalie nini? Orodha imetoka ng'ambo. Mimi na wewe ni wa kupeleka tu."

Nikafungua grafu. Alisema kweli. Mstari ulipanda alfajiri, ukatembea asubuhi yote, ukafika saa nane mchana ukaanguka kama jiwe, na haukuinuka tena hadi kesho yake. Kila siku vivyo hivyo. Niliutazama mpaka chai yangu ikapoa, na kadiri nilivyoutazama ndivyo ulivyozidi kunisumbua. Mimi ni mtoto wa wakulima. Mkulima wa Kemambo asubuhi yuko shambani. Akitaka kumpigia mwanawe aliyeko Musoma, atampigia jioni, ameshaoga, ameshakaa, ng'ombe wameshaingia zizini. Ule mstari ulikuwa umepinduka. Ulikuwa unasimama saa ambazo watu wana kazi, na kulala saa ambazo watu wana maneno.

Nikajaza fomu ya likizo, siku zangu mwenyewe, nikapanda pikipiki kwenda Kemambo.

Yule mama mwenye duka alinipokea kwa namna yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuuzia nini tena?"

"Sijaja kuuza. Naomba mahali pa kulala siku tano."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, kisha akamwita binti yake aondoe magunia ya mtama kwenye chumba cha pembeni. Hakuniuliza zaidi. Nikaweka begi langu, nikakaa naye kibarazani pa duka, simu yangu mapajani.

Ilipogonga saa nane na dakika chache, alama za mtandao kwenye simu yangu zikatoweka zote kwa pamoja. Nikaizima simu, nikaiwasha. Hakuna kitu. Nikaigonga mkononi. Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachambua maharage.

"Umeshalala huo," akasema. "Utaamka kesho."

"Ni kila siku?"

"Kila siku, tangu mvua za mwaka jana."

"Mbona hamkusema?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Tumwambie nani, mwanangu? Hiyo namba yenu ya huduma kwa wateja inapigwa kwa mtandao upi?"

Nikaiweka simu mfukoni.

Jioni alinipeleka kwenye mteremko wa kilima nyuma ya zahanati. Nilikuta watu pale zaidi ya niliowahi kuwaona mnadani siku ya kawaida. Wanaume, wanawake, muuguzi wa zahanati na sare yake, wote wamesimama juu ya mawe, wameelekeza simu upande mmoja, kule ulikokuwa mnara wa washindani wetu ng'ambo ya bonde. Wengine walikuwa wanaongea, wengine wanasubiri zamu ya jiwe zuri. Kila mtu alikuwa na laini mbili: ya kwetu kwa asubuhi, ya wenzetu kwa jioni na kwa safari ya kupanda kilima. Mzee mmoja alikuwa anazungumza na daktari wa Mugumu kuhusu mguu wa mkewe, akipaza sauti, na sisi wote tukausikia ugonjwa wa mkewe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wakubwa wa ng'ambo walisema watu hawa hawana haja na simu.

Asubuhi nikaenda kwenye mnara wenyewe. Mlinzi, mwanaume mzima aliyewahi kufanya kazi za uchimbaji, alinifungulia geti bila maswali alipoona kitambulisho changu. Akanionyesha jenereta, akanionyesha tangi, akanionyesha kabati la betri.

"Zamani mafuta yalikuja ya siku nzima," akasema. "Halafu wakasema wamepunguza gharama. Mafuta yawe mpaka saa nane, kuanzia hapo betri zibebe. Betri zenyewe ndizo hizi."

Zilikuwa zimevimba kama tumbo la ng'ombe aliyeachiwa majani mabichi. Moja ilikuwa imepasuka ubavuni.

"Uliripoti?"

"Niliripoti kwa fundi. Fundi akasema ameondolewa kwenye mkataba. Nikaacha."

Nilikaa siku zote tano, kwa sababu sikutaka mtu aniambie nilikuta siku mbaya. Kila siku mtandao ulikatika baada ya saa nane. Kila jioni kilima kilijaa. Na nilipokuwa nimekaa pale dukani ndipo nilipoielewa habari yote, hatua kwa hatua, na ikaniudhi kwa namna ambayo sikuwa nimeudhika kwa muda mrefu. Wakubwa wa zamani walipunguza mafuta ili kampuni ionekane nzuri kwa wanunuzi. Mnara ukaanza kulala mchana. Watu wakashindwa kupiga. Wakubwa wapya wakatazama grafu, wakaona watu hawapigi, wakasema mnara uondolewe. Hakuna katika wote hao aliyekuwa mwongo. Ila hakuna aliyekuja kukaa kibarazani.

Nikarudi Tarime, nikaandika ripoti yenye picha, nikaituma. Meneja akanipigia baada ya siku mbili.

"Ripoti nzuri sana, dada. Nimeisoma yote. Sasa weka sahihi kwenye orodha."

"Siweki, bosi."

Nilimsikia akifunga mlango wa ofisi yake.

"Unajua kwamba hata nafasi za wasimamizi zinapunguzwa?"

"Najua."

"Basi ujue vizuri."

"Najua vizuri, bosi. Mingine nitaipitia mmoja mmoja. Ila huo wa Kemambo siweki."

Sitajifanya kwamba sikuogopa. Nilikuwa na wazazi wa kuwatunza na watoto wawili shuleni, na kazi za aina yangu haziko nyingi Tarime. Lakini hofu ile haikunibadilisha mawazo. Ilinifanya tu nifikirie vizuri zaidi, maana nilijua kwamba kukataa peke yake hakutoshi. Sahihi yangu ikikosekana, wangetafuta msimamizi mwingine mwenye kalamu. Nilihitaji mtu mwenye uamuzi auone ule mchana kwa macho yake.

Bahati ikanijia wiki hiyohiyo. Mtaalamu wa mikakati wa makao makuu, mwanamke aliyekuwa ameonyesha ile ramani Mwanza, alikuwa anakuja kutembelea maeneo ya kijani: Genkuru asubuhi, Mugumu alasiri, kesho yake mbugani kuangalia hoteli za watalii. Meneja angekuja naye. Mimi nikapewa kazi ya kupanga ratiba na kuwaongoza.

Nikaipanga. Genkuru nilipanga mkutano mfupi na wenye maduka ya simu, chakula cha mchana nikakiweka mapema, na njia ya kwenda Mugumu nikaipitisha Kemambo. Nilihesabu mwendo wa gari kama mtu anayepanga harusi. Tukafika mbele ya duka la yule mama saa nane kasoro. Nikamwomba dereva asimame, nikasema wageni wanyooshe miguu, wanywe soda. Meneja akanitazama. Alishajua.

Mgeni alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu yake. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye miwani, asiyependa kupoteza maneno. Mara akaacha kuandika, akainua simu juu, akaizungusha.

"Mtandao umepotea," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo," nikamjibu. "Umepotea kwa kila mtu hapa. Utarudi kesho alfajiri."

Akaugeukia mnara. Ulikuwa umesimama pale pale, hatua chache tu kutoka kwenye duka, mrefu, mzima kwa macho. Akatazama saa yake. Akaingia ndani ya gari, akatoka na kompyuta ndogo, akafungua grafu ile ile niliyoitazama mimi, akaweka kidole chake pale mstari ulipoanguka.

Kisha akaniomba nimwulize mwenye duka kwa nini watu waliacha kupiga simu.

Mama alijibu kwa Kikurya, taratibu, akiwa amesimama. Nikatafsiri: "Anasema wao hawakuacha kupiga simu. Simu ndiyo iliyoacha."

Nikampeleka kwenye kabati la betri. Akainama, akaliangalia, akaipiga picha ile iliyopasuka. Nilidhani hapo mambo yamekwisha, kwamba sasa atasema tumekosea. Sivyo.

"Nimekubali kwamba takwimu zetu hapa zina kasoro," akasema. "Lakini siwezi kwenda mbele ya bodi na mama mmoja na duka lake. Betri mpya hazimo kwenye bajeti, na sitaziomba. Nipe sababu ya kibiashara. Huruma siwezi kuipeleka kwenye kikao."

"Siombi huruma," nikasema. Sauti yangu ilitoka kavu kuliko nilivyotaka. "Siombi hata betri mpya. Kuna mnara uliokwisha kuzimwa kabla ya orodha hii, kule Serengeti, ng'ambo ya Mugumu. Betri zake ni nzima. Una paneli za sola pia. Vihamishwe vije hapa. Halafu mpime miezi mitatu, mchana na jioni."

"Na mstari usipopanda?"

"Naweka sahihi siku hiyohiyo."

Akaniangalia kupitia juu ya miwani. Akamgeukia meneja. "Inawezekana kiufundi?"

Meneja angeweza kusema haiwezekani. Akajifuta jasho shingoni, akasema: "Inawezekana. Ni siku mbili za kazi."

"Miezi mitatu," mgeni akasema, akapanda gari.

Lipo jambo ambalo sikumwambia, na lazima niliseme hapa. Ule mnara wa Serengeti ulizimwa kwa sahihi yangu. Miezi kadhaa nyuma, kabla ya orodha hii, uliletwa peke yake kwenye karatasi moja, na grafu yake ilikuwa chini, nami nikasaini nikiwa mezani, nikaendelea na mambo mengine. Sikuwahi kukanyaga kile kijiji.

Nilikikanyaga siku ya kwenda kufungua zile betri. Hakuna aliyeniagiza niende. Mafundi wangeweza kwenda wenyewe. Lakini niliona si haki kuwatuma watu wengine kupokea macho ya wanakijiji kwa wazo lililokuwa langu. Tulifika asubuhi. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, na mpaka wa hifadhi hauko mbali na mashamba yale. Watu walipoona gari la kampuni wakaja mbio. Wakatuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mmoja akaanza kufyeka nyasi zilizoota kuzunguka geti, ili mafundi wapite vizuri.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mama wa makamo, mwenye kofia ya kiume na mabuti. Alisubiri mpaka nishuke, tukasalimiana, kisha akauliza swali moja:

"Mnaleta au mnachukua?"

"Tunachukua, mama."

Yule aliyekuwa anafyeka akasimama.

Mwenyekiti akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwao simu ilikuwa kwanza ni ya tembo. Tembo wakionekana wameelekea mashambani, mtu mmoja alipiga simu kwa askari wa wanyamapori, nao walikuja na gari. Tangu mnara uzimwe, mtu hupanda baiskeli. Na tembo hamsubiri mwenye baiskeli. Msimu uliopita familia nyingi zilivuna mabua.

"Nani alisema uzimwe?" akauliza.

"Niliyesaini ni mimi."

"Ulikuja kutuona kwanza?"

"Sikuja."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Akavua kofia yake, akajipepea nayo, akasema: "Basi leo umetuona." Akawageukia watu wake akawaambia kwa lugha yao waondoke getini, wawaache mafundi wafanye kazi. Watu wakaondoka. Kibuyu cha maziwa wakakiacha palepale kwenye jiwe. Hakuna aliyetukaribisha tena, na hakuna kati yetu aliyekigusa.

Tulirudi na zile betri. Nilikuwa nimekaa mbele, na njia nzima kutoka Mugumu hadi tunavuka Mto Mara nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Kemambo isipofaulu sasa, nitakuwa nimeharibu pawili. Na ikifaulu, deni la kule Serengeti bado ni langu.

Kemambo ilifaulu. Mafundi walifunga betri na paneli, mlinzi akabonyeza swichi mwenyewe kwa kuwa aliomba, na siku ile saa nane ikapita mtandao upo. Saa kumi upo. Jua likazama upo. Jioni hiyo nilipanda kile kilima nyuma ya zahanati nikakikuta na mbuzi tu. Sikuhitaji kungoja grafu, lakini niliingoja, na kila Jumatatu niliifungua kabla ya kuvua koti. Wiki ya kwanza mstari uliamka mchana kidogo kidogo, watu walikuwa hawajaamini. Mwezi wa pili, saa za jioni zilikuwa zimeipita asubuhi kwa mbali. Yule mama akanipigia akilalamika kwamba vocha zimemwishia, na nadhani ndiyo siku pekee niliyowahi kumsikia akicheka.

Miezi mitatu ilipotimia, mgeni wetu aliniandikia mistari michache. Kemambo umeondolewa kwenye orodha. Kabla ya mnara mwingine wowote kuzimwa, katika nchi zote, ni lazima kwanza ithibitishwe ulikuwa unawaka saa ngapi. Kwa utaratibu huo minara mingine miwili ya eneo langu ilipona. Sharti lilikuwa moja: Kemambo tutagawana mnara na washindani ili gharama zipungue. Wenzangu wa mauzo walinuna kwa hilo, maana nusu ya wateja wa kilimani walibaki na laini ya pili. Mimi sikununa. Mtu akichagua laini akiwa amekaa kwake, hilo ni shindano ninaloliweza.

Nikaanza kuyaandikia makao makuu kuhusu Serengeti. Niliandika mara tatu. Niliandika habari za tembo, nikaandika habari za mavuno, nikaandika kwamba sahihi ile ilikuwa kosa langu na naomba kuifuta. Mgeni alinijibu kila mara, kwa adabu, jibu lilelile: kijiji kile ni kidogo, kiko mwisho wa barabara, hata kikiwashwa siku nzima hakijibebi. Niliikagua hesabu yake nikitafuta kosa kama lile la Kemambo. Sikuliona. Safari hii alikuwa sahihi, kwa kipimo cha biashara.

Basi nikatafuta kipimo kingine. Nilirudi kwa mwenyekiti, nikakaa naye, nikamwambia wazi kwamba kampuni yangu hairudi. Kisha nikamwambia jambo ambalo si siri, ila watu wa vijijini hawaambiwi: serikali ina mfuko wa kusaidia kufikisha mawasiliano mahali ambapo makampuni hayaoni faida, na kijiji kinaweza kuomba. Tukakaa siku nzima chini ya banda la ofisi ya kijiji na mtendaji wao. Wao wakataja kaya, shule, mashamba yaliyoliwa. Mimi nikapanga maelezo kwa lugha ambayo wenye maamuzi wanaisikia haraka. Barua ikaenda Mugumu, halmashauri. Ilizunguka. Mwenyekiti aliifuata kwa miguu yake kila alipokwenda sokoni, akisimama mlangoni na mabuti yake hadi mtu amjibu, nami nikawa napiga simu wiki hadi wiki mpaka makarani wakaizoea sauti yangu.

Baada ya mavuno yaliyofuata, kwa fedha za mfuko ule wa serikali, kampuni nyingine ilifunga vifaa vyake kwenye mnara uleule wa Serengeti. Washindani wetu.

Meneja akaniita Mwanza. Barua ya onyo ilikuwa mezani, imeshapigwa mhuri.

"Umewapa washindani eneo," akasema.

"Bosi, eneo tuliliacha sisi. Wao wamelikuta halina mtu."

"Hilo nalijua. Lakini onyo ni lazima."

"Basi nipe nisaini."

Akanipa kalamu. Nikaisoma barua yote, mstari kwa mstari, nikaona kila kilichoandikwa mle nilikifanya kweli, nikasaini. Aliichukua, akaiweka kwenye faili, akaniuliza kama nimeshakula. Tukaenda kula sato.

Bado nina kazi. Vifaa vya Sirari vilifika, na siku hizi watu wa mpakani wananifokea kwa mambo mengine. Mikakati inaendelea kuja; mwaka huu ni simu janja za kulipia kidogo kidogo, na makao makuu wameshapaka rangi ramani mpya. Nimewaandikia kwamba eneo langu nitalijibu nikishalitembelea, kijiji kwa kijiji, na kwamba wahesabu wiki tatu. Wameandika kwamba ni muda mrefu. Nimewajibu kwamba ndiyo, ni muda mrefu, na kesho naanzia Genkuru.